Majina ya Namba na Mikakati ya Kujumlisha na Kutoa kwa Kichwa katika Madarasa ya Awali ya Msingi: Ufafanuzi kwa Mifano ya Muheza

Makala hii inafafanua jinsi majina ya namba za Kiswahili yanavyomsaidia, na mahali pengine yanavyomkwamisha, mwanafunzi wa Darasa la I na la II anayejifunza kukokotoa kwa kichwa. Mtaala wa Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, ulioanza kutumika Tanzania mwaka 2015, uliipa stadi ya kuhesabu nafasi ya pekee. Hata hivyo, mtoto anaweza kupata jibu sahihi kwa vijiti au visoda pasipo kujenga mkakati wowote. Anayehesabu visoda vinane, kisha vitano, halafu vyote upya kuanzia kimoja, hupata kumi na tatu. Njia hiyo itamchosha atakapofikia 48 + 35.

Mkakati wa kukamilisha kumi hufanya kazi tofauti. Katika 8 + 5, namba 5 huvunjwa kuwa 2 na 3; nane na mbili ni kumi, imebaki tatu. Jibu limo ndani ya jina lenyewe: kumi na tatu. Kiingereza, ambacho majina yake ya 11 na 12 hayadokezi kumi, hakimpi mtoto msaada huo.

Ugumu huanzia ishirini. Majina ya makumi, kuanzia hapo hadi tisini, yana asili ya Kiarabu. Sitini, sabini na tisini angalau husikika karibu na sita, saba na tisa, kwa kuwa nazo zimetoka huko huko. Lakini thelathini haina tatu ndani yake, wala themanini haina nane. Mtoto anayetafuta 32 – 5 hutoa mbili na kufika thelathini kwa urahisi. Kisha hukwama, kwani jina hilo halimwambii kwamba ameshika makumi matatu na kwamba moja kati ya hayo linaweza kufunguliwa. Somo la mamoja na makumi lipo, ila mara nyingi huishia kwenye jedwali la ubaoni. Kwa maoni yangu, "makumi matatu" yanapaswa kutamkwa sambamba na "thelathini" katika mazoezi ya mdomo.

Kuhusu kutoa, mazingira ya Muheza yana mfano ulio wazi. Muuza machungwa anayepewa noti ya shilingi 1,000 kwa bidhaa ya 650 hana haja ya kukopa kama ifanywavyo daftarini. Huweza kupanda: 50 kufika 700, kisha 300 kufika 1,000, chenji ni 350. Kwa Darasa la I, njia hiyo hiyo hutatua 13 – 9: moja hadi kumi, tatu hadi kumi na tatu, jibu 4. Kwa 13 – 2, kupanda ni kujisumbua; kurudi nyuma hatua mbili kunatosha. Kuchagua kati ya njia hizi ni sehemu ya umilisi wenyewe, nayo haionekani katika usahihishaji wa jibu pekee. Wanafunzi wawili wanaoandika 4, mmoja kwa kuondoa visoda tisa na mwingine kwa kupitia kumi, hupewa vema ile ile, mpaka mwalimu awaulize: "Umepataje?"