Seva Iliyomsahau Asha

Paukwa! Pakawa! Hadithi ya leo haina sungura wala fisi. Ina seva, na usahaulifu wake.

Programu ya Asha, iliyoandikwa kwa Python, ilitaka kompyuta ya mbali iifanyie kazi. Ilitumia XML-RPC, utaratibu uliobuniwa mwaka 1998 na Dave Winer pamoja na watu wa Microsoft. Raha yake ni hii: unaita kazi ya mbali kana kwamba imo humo humo ndani ya programu yako, na moduli ya xmlrpc.client inalifunga ombi kwa XML, inalituma kwa HTTP na kukuletea jibu.

Programu ikabisha hodi: “Mimi Asha, nywila yangu hii hapa.” Seva ikakagua, ikasema, “Karibu.” Programu ikauliza swali lake la pili. Seva ikashangaa: “Kwani wewe nani?”

Msiilaumu. Kwa HTTP kila ombi huja peke yake, halijui lililotangulia. Dawa aliileta Lou Montulli wa Netscape mwaka 1994: kidakuzi. Seva ikishakukaribisha, huweka kwenye vichwa vya jibu mstari wa Set-Cookie, wenye kitu kama kikao=x7k2; Path=/. Ukija tena na kikao=x7k2 katika mstari wa Cookie, inakutambua.

Kivinjari hufanya hayo bila kuambiwa. xmlrpc.client haifanyi: husoma XML, vidakuzi ikaviacha vipite. Kwa hiyo Asha akatunga darasa lake linalorithi Transport, tarishi wa moduli hiyo. Kwenye parse_response, kabla ya kumwachia mzazi kazi, akachungulia response.headers.get_all("Set-Cookie"). Ikirudi None, hakuna kitu, songa mbele. Ukipatikana mstari, anaukata kwenye nuktamkato ya kwanza na kutunza kipande cha mbele. Kwenye send_headers anakirudisha kwa connection.putheader("Cookie", kipande). Mwishowe akamkabidhi ServerProxy tarishi huyo kupitia transport=, na swali la pili likajibiwa.

Ila sikilizeni hapa, maana wengi huteleza. Anwani ikianza na https, rithi SafeTransport. Ukishaleta tarishi wako mwenyewe, ServerProxy haikuchagulii tena. Ukimrithi Transport, nywila na kidakuzi vitasafiri wazi bila kufichwa, ingawa anwani inasema https. Na atakayekidaka kidakuzi hicho njiani ataingia kwa jina la Asha, bila hata kuijua nywila yake.