Gari imegoma kuwaka na mzigo wa mteja upo ndani? Usikimbilie kununua spea

Wauzaji wenzangu, mizigo yangu ya Mbeya–Iringa naipeleka kwa gari yangu ya zamani. Asubuhi moja ya Julai, baridi kali, taa ya injini inawaka na gari haitaki kuwaka. Nikanunua sensa kwa kubahatisha. Kesho yake ikagoma tena! Wateja wawili wakaghairi oda.

Nilichojifunza:

1. Stata ikilia "tk tk" au ikizunguka kivivu, anza na betri. Ikiwa imejaa husoma kama volti 12.6. Baridi huipunguzia nguvu.

2. Stata inazunguka vizuri ila injini haishiki? Angalia mafuta, plagi na koili.

3. Taa ikiwaka, pima kwa mashine kwanza. Kodi inakuonyesha pa kuchunguza, sio lazima kifaa cha kununua.

4. Taa ikiwaka na kuzima huku gari inatetemeka, injini inamisi. Simama mahali salama, usilazimishe safari.

Yangu ilikuwa terminali ya betri tu, imelegea na ina kutu. Kusafisha na kukaza, basi! Siku hizi nakagua gari jioni, ndipo namwahidi mteja muda wa mzigo.