Kisukari na kusahau: magonjwa mawili yanayochocheana kwa wazee

Mzee anapouliza swali lile lile mara tano kabla ya chakula cha mchana, familia nyingi husema ni umri tu. Nyingine hunong'ona kuhusu uchawi. Lakini mzee huyo akiwa na kisukari, ipo sababu ya kumpeleka kwa daktari.

Sukari inapokaa juu kwa miaka mingi, huharibu mishipa midogo inayopeleka damu kwenye ubongo na kuongeza hatari ya kiharusi. Ubongo ukikosa damu ya kutosha, kumbukumbu na uwezo wa kufikiri hupungua. Hali hiyo, inapofikia kuvuruga maisha ya kila siku, ndiyo huitwa demensia.

Utafiti uliofanyika Rotterdam, Uholanzi, na kuchapishwa mwaka 1999 ulifuatilia zaidi ya watu 6,000 wenye umri wa miaka 55 na kuendelea. Wenye kisukari walikuwa na hatari ya kupata demensia karibu mara mbili ya wengine. Mwaka 2024, jopo la wataalamu wa jarida la Lancet lilikitaja kisukari kati ya mambo 14 yanayochangia demensia na ambayo yanaweza kudhibitiwa.

Uhusiano huo pia huenda upande wa pili. Mzee anayesahau anaweza kumeza dawa mara mbili, au kujidunga insulini kisha asile. Sukari hushuka ghafla: anatetemeka, anatoka jasho, anaongea yasiyoeleweka. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2009 ulibaini kuwa wazee wenye kisukari waliowahi kulazwa kwa sababu ya sukari kushuka sana walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya demensia.

Luano, pembezoni mwa Lubumbashi ulipo uwanja wa ndege wa jiji hilo, ni mbali kidogo na hospitali kubwa za mjini, na madaktari bingwa wa ubongo ni wachache nchini Congo. Kwa hiyo wa kwanza kuona dalili ni watu wa nyumbani.

Mtu mmoja ndani ya nyumba ashike dawa za mzee na aandike kila dozi. Insulini ya mlo isidungwe kabla bukari haijawa tayari. Mzee akichanganyikiwa ghafla, apimwe sukari; ikiwa imeshuka na bado anaweza kumeza, apewe maji yenye sukari. Akizimia, asiwekewe kitu mdomoni, akimbizwe hospitali.

Daktari naye aelezwe kuhusu usahaulifu huo. Anaweza kupunguza dozi, kupima shinikizo la damu, au kuangalia vitamini B12, ambayo hupungua kwa baadhi ya watu waliotumia metformini miaka mingi. Upungufu huo huvuruga kumbukumbu, lakini unatibika.