Ilimba na vyuma vyake visivyoguswa

Vijana wa hapa Kizwite, Ufipani, wakiona ilimba, chombo cha vyuma vya kupigwa kwa vidole gumba, huuliza kama ni kinanda cha mtoto. Hasira hunipanda. Chombo hicho kilimtoa mwanamuziki Hukwe Zawose Ugogoni kikamfikisha kwenye majukwaa ya Ulaya.

Ilimba kubwa huwa na vyuma zaidi ya 30. Vidole gumba ni viwili, na vyuma vingine havipigwi hata mara moja. Mgeni hudhani ni pambo. Kumbe kila kimoja kimepangwa kwa sauti ileile ya mwenzake: mwenzake akipigwa, ubao unatetema, nacho kinaitikia chenyewe, kama vioo vya dirisha lori la mahindi linapopita. Ukikisogeza chuma kikawa kifupi upande wa kuchezea, sauti inapanda. Ukipitiliza kidogo tu, mwitiko umekufa. Kisha kuna tundu kwenye kisanduku, limewambwa ngozi nyembamba ya kifuko cha mayai ya buibui. Hapo ndipo unapotoka ule mvumo wa nyuki. Ipasue ngozi hiyo, unabaki na mlio mkavu wa msumari.

Mtunzi kukipiga chombo chake mwenyewe ni sifa kubwa. Wazungu husimulia mpaka leo tarehe 24 Desemba 1781, watunzi Mozart na Clementi waliposhindanishwa kwenye piano mbele ya Kaisari Joseph II huko Vienna, kila mtunzi na vidole vyake. Baadaye Mozart alimbeza mwenzake kuwa ni mtambo tu. (Wivu, nadhani.) Zawose naye alitunga, akaimba, akapiga, akafundisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo, akatoa albamu ya Chibite mwaka 1996, na kufariki mwaka 2003. Tena piano, pamoja na ufundi wake wote, haina baadhi ya sauti za Kigogo. Zinaangukia katikati ya vibonye.

Vyuma vya ilimba siku hizi mara nyingi ni misumari iliyopondwa. Nasi Wafipa, ambao babu zetu waliyeyusha chuma kwenye malungu, tanuru za udongo zilizozidi kimo cha mtu, hatuna la kujitetea: yaliyosalia yanamomonyoka masika baada ya masika, na msumari tunanunua dukani.

Matumizi? Kusindikiza uimbaji, kuitikiana na zeze, kufundishia, kujiliwaza, na kuuzwa kwa watalii, aghalabu zile ndogo, bila ngozi ya buibui.