Dawa ya Damu na Siku ya Upasuaji



Wako wenzetu viwandani na mashambani ambao kila siku humeza kidonge cha warfarin. Wengine wamewekewa vali ya chuma moyoni, baada ya moyo kuharibiwa na homa ya baridi yabisi ya utotoni. Wengine walipata donge la damu mguuni. Baadhi yao hutibiwa katika Taasisi ya Moyo ya Uganda, Mulago, iliyoanzishwa mwaka 1988.

Watu huiita "dawa ya kupunguza damu". Jina hilo linapotosha. Damu haipungui hata tone. Dawa huichelewesha tu kuganda. Ni kweli warfarin iliuzwa kwanza kama sumu ya panya, mwaka 1948, kabla ya kuwa dawa ya binadamu mwaka 1954. Lakini kwa kipimo cha daktari, ni kinga.

Shida huja mtu anapotakiwa kupasuliwa, tuseme ngiri. Akiendelea kumeza, aweza kutokwa na damu nyingi mno. Akiacha kwa shauri lake mwenyewe, donge laweza kufanyika kwenye vali, likapanda ubongoni, naye akapooza. Kwa sababu ya hatari hizo mbili, daktari ndiye anayehesabu siku.

Kwa kawaida warfarin husimamishwa siku 5 kabla ya upasuaji, maana nguvu yake huisha polepole. Kisha damu hupimwa kwa kipimo kiitwacho INR. Mara nyingi hutakiwa kiwe chini ya 1.5. Mwenye vali ya chuma huenda akapewa sindano za heparini siku hizo, kwani nguvu ya heparini huisha upesi. Damu ikiwa imetulia, kidonge huanzwa tena saa 12 hadi 24 baada ya upasuaji.

Kung'oa jino moja mara nyingi hakuhitaji kuacha dawa. Vidonge vipya, kama rivaroxaban, vina hesabu yake. Basi usimwige jirani.

Yafaa tushike haya:

1. Mtajie daktari, hata wa meno, kila unachomeza: aspirini, diclofenac, na mitishamba pia.

2. Uandikiwe tarehe ya kuacha na tarehe ya kuanza tena.

3. Ukifanya kazi ya panga au mashine, mjulishe nyapara na mtu wa huduma ya kwanza, kwa kuwa jeraha lako litachelewa kukauka.

Usiruke hesabu ya daktari kwa kuogopa kukatwa mshahara. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inampa mfanyakazi aliyetimiza mwezi mmoja kazini mshahara kamili kwa mwezi wa kwanza wa ugonjwa. Mwarifu mwajiri mapema, na uwe na cheti cha daktari. Akikataa kulipa, peleka cheti hicho kwa mwakilishi wa chama.