Uwanja wa Ndege wa Manda Si wa Wageni Peke Yao

Anayeujua uwanja wa ndege wa Manda kwa picha za matangazo ya utalii huona miwani ya jua, kofia pana na mabaharia wakimlaki mgeni gatini. Picha hizo si za uongo. Lakini katika foleni ileile yumo mama mjamzito aliyeandikiwa aende Mombasa, mzee anayemfuata daktari wa moyo, na mwanafunzi anayerudi chuoni. Mara nyingine hushuka mtu kutoka Nairobi, kimya, akimwomba Mola awahi maziko ya mzazi wake. Kwani maiti wetu hangojewi siku tatu, na ndege ya asubuhi ndiyo humwezesha mwana kutia mchanga kwa mkono wake. Hao ndio tuliokusudia kuwaandikia leo.

Kwa msomaji asiyeijua Lamu, ni vyema tueleze mahali penyewe. Uwanja haupo Lamu. Upo Manda, kisiwa kinachoukabili mji ng'ambo ya mlango wa bahari, na hapana daraja baina ya visiwa hivi viwili. Mji wa kale wa Lamu, ulioingizwa katika orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, umebanana nyumba kwa nyumba, na vilima vya mchanga vya Shela ndivyo vinavyouhifadhia maji matamu. Manda ina nafasi, ila maji ndiyo haba. Na wako wasemao kwamba ukosefu huo ni sababu mojawapo iliyowafanya watu wa Takwa wauache mji wao katika karne ya 17 na kuhamia Shela. Kwa hiyo safari ya angani ya mtu wa Lamu huanza kwa mashua na huisha kwa mashua. Uwanja wenyewe ni wa umma, chini ya Mamlaka ya Viwanja vya Ndege ya Kenya, wala usichanganywe na ule wa kijeshi wa Manda Bay, ulioko Magogoni, uliovamiwa Januari 5, 2020. Majina yakifanana, hofu nayo husambaa pasipostahili.

Zamani abiria wakingojea chini ya paa la makuti, na ndege zilizotua zilikuwa zile ndogo za abiria kumi na kitu. Njia ya kurukia imerefushwa, na siku hizi hutua hata ndege za mapanga zenye viti zaidi ya 70. Kutoka Mombasa hadi Manda ni yapata saa moja. Kwa barabara ni kama kilomita 340 hadi Mokowe, kisha mashua. Siku nzima karibu yote hupotea njiani. Lami imefika, alhamdulillahi, na aliyewahi kuipita njia ya Garsen enzi za matope anajua neema hiyo. Hata hivyo, tangu mauaji ya Mpeketoni ya Juni 2014, wasafiri wa njia hiyo wamezoea vizuizi na misafara ya polisi. Na mwishoni mwa mwaka 2023 mafuriko yaliikata barabara karibu na Gamba. Siku kama hizo uwanja wa ndege huwa ndio mlango uliobaki wazi, kwa yule mwenye nauli.

Nauli ndiyo kiini cha jambo. Tiketi moja huzidi nauli ya basi mara kadhaa. Tena mama mgonjwa hapelekwi peke yake: atafuatana na mumewe, au nduguye, au mamake. Tiketi moja imekuwa mbili, na kwa kurudi zimekuwa nne, kabla hujalipa kitanda cha hospitali wala chumba cha anayemuuguza. Kwa familia ya Faza au Kizingitini kuna masafa mengine kwanza, ya mashua kutoka kisiwa cha Pate kupitia Mkanda, ambako maji yakipwa chombo huweza kungoja. Mjamzito wa huko hulitazama bamvua kabla ya kuitazama saa ya ndege.

Lipo jambo jingine tusilopenda kulisema, nalo ni kweli. Ndege haiji Manda kwa ajili ya mjamzito wa Kizingitini. Huja kwa kuwa watalii hujaza viti. Mwaka 2011, baada ya wageni kutekwa nyara Kiwayu na Manda kwenyewe, serikali za ng'ambo ziliwaonya raia wake, na watalii wakaadimika. Wengi waliitazama hasara hiyo kwa jicho la hoteli na mabaharia tu. Sisi twaiona pia kwa jicho la mgonjwa: kiti chake kimeegemea kiti cha mgeni, na huyu asipokuja, safari hukosa faida na mwenyeji hubaki gatini. Wanaosema kwamba utalii hauwahusu watu wa dini wangelifikiri hili kidogo.

Na tukisema gatini, tusiruke. Kivuko cha Lamu na Manda ni dakika chache tu, lakini ndiyo sehemu ngumu kuliko zote kwa mtu dhaifu. Maji yakijaa, chombo hukaribia ukingo. Yakipwa, ni ngazi zenye ukungu wa bahari, na mgonjwa hubebwa na vijana wawili huku mashua ikicheza. Wakati wa kusi mawimbi humrushia maji mama na mwanawe. Vijana wa mashua wana ihsani, hatuwezi kuwakana. Lakini ihsani yao isifanywe badala ya chuma cha kushikia, kivuli cha kungojea na kiti cha magurudumu.

Kwa wanaotarajia kusafiri, tuna machache. Mjamzito aulize mapema: kwa kawaida kampuni za ndege hutaka barua ya daktari mimba ikifika wiki 28 hivi, na baada ya wiki 36 nyingi hukataa. Ndege ndogo nyingi hazipokei zaidi ya kilo 15 za mzigo, basi hujaji ajue kwamba chupa ya lita tano za Zamzam ni thuluthi ya haki yake, na ampange jamaa wa kumletea mengine kwa basi. Vyeti vya hospitali vikae mkononi, visiwe ndani ya mzigo. Na mashua ipangwe kwa kuhesabu maji, si kwa saa peke yake.

Baki ni la wenye mamlaka, nao hawalijui lisilosemwa. Katiba ya mwaka 2010 imempa mwananchi haki ya kushirikishwa bajeti ya kaunti inapopangwa. Vikao hivyo hutangazwa, na wanaohudhuria mara nyingi ni wanaume, ambao huomba barabara na injini za boti. Twawaomba akina mama wa Lamu, Shela na Pate waende kikao kijacho, wakae mbele, na watake ngazi za gati zitazamwe, pande zote mbili za maji.