Majina tusiyoyajua: jinsi ya kusoma orodha ya programu zinazojiwasha

Kompyuta ya nyumbani inapowashwa, Windows haiamki peke yake. Huamka pamoja na programu kadhaa ambazo mwenye kompyuta hakuziita. Mara nyingi tunazikumbuka siku kompyuta inapochelewa kuwaka, au mega zinapoisha kabla hatujafungua hata ukurasa mmoja. Tukifungua orodha yao tunakuta majina tusiyoyajua; basi wengine huyafuta yote, wengine huyaacha yote. Makala hii inaeleza njia ya tatu: kuyasoma.

Bonyeza pamoja vitufe vya Ctrl, Shift na Esc. Katika Windows 10 ya Kifaransa, dirisha la «Gestionnaire des tâches» lina ukurasa uitwao «Démarrage». Katika matoleo mapya ya Windows 11 unaitwa «Applications de démarrage». Kila mstari unaonyesha jina, mtengenezaji («Éditeur») na hali. Bonyeza vichwa vya safu kwa kitufe cha kulia cha panya, kisha ongeza safu ya «Ligne de commande». Bila safu hiyo tunaona jina tu. Tukiwa nayo tunasoma amri nzima ambayo Windows inaitekeleza.

Majina magumu lakini halali

Majina mengi yanayotisha ni vifupisho. Chukua SynTPEnh: Syn ni kampuni ya Synaptics, TP ni kibao cha kugusia cha kompyuta ya mkononi, na Enh ni mwanzo wa neno la Kiingereza lenye maana ya maboresho. SecurityHealthSystray nayo ni ile alama ndogo ya ulinzi wa Windows inayokaa karibu na saa. Anayefuta kila asilolijua huenda akapoteza vitu kama hivi.

Mstari uitwao «Program»

Huu huogopesha zaidi, kwa kuwa hauna picha wala mtengenezaji. Sababu yake ya kawaida ni alama za uandishi. Programu nyingi hukaa katika folda ya C:\Program Files, na jina hilo lina nafasi katikati. Kama aliyeandika amri hakuizungushia njia hiyo alama za mnukuo, orodha husoma hadi kwenye nafasi ya kwanza tu, ikaishia kwenye neno «Program». Aghalabu ni mabaki ya programu iliyokwisha kuondolewa. Safu ya «Ligne de commande» itakuonyesha njia yote. Lakini kama kweli kuna faili liitwalo Program.exe moja kwa moja chini ya C:\, hiyo ni dalili mbaya.

Mtengenezaji ni Microsoft, ujumbe si wake

Hatari halisi huvaa jina zuri. Kuna virusi vinavyosafiri kwa flashi tunazopeleka kuchapisha kazi zetu: huficha mafaili na kuweka njia za mkato badala yake. Virusi vya namna hiyo huwa ni skripti, yaani maandishi yanayosomwa na wscript.exe, programu halali ya Windows. Hivyo orodha huonyesha kwamba mtengenezaji ni Microsoft. Ni kweli, lakini hiyo ni habari ya msomaji wa barua, si ya mwandishi wake. Tazama mwisho wa amri: ukikuta faili linaloishia na .vbs au .js, lililowekwa ndani ya AppData au Temp, nawe hukuliweka, tilia shaka. Vilevile svchost.exe halisi hukaa ndani ya folda ya Windows, wala kwa kawaida haionekani katika orodha hii; ukikuta jina hilo hapa, au herufi zake zimepinduliwa kuwa scvhost, usilipuuze.

La kufanya

Kwa kila mstari uliza mambo matatu: faili liko wapi, nani amelitia sahihi, na lilikuja pamoja na programu gani? Jibu lisipopatikana, chagua «Désactiver», usifute. Kuzima hakuharibu kitu: ukikosa sauti au kibao kikigoma, unawasha tena. Ikipita wiki bila tatizo, ondoa programu yenyewe kwa njia ya kawaida. Antivirusi usiizime.

Ukishuku virusi, chomoa flashi, zima mstari huo, kisha endesha ukaguzi wa antivirusi ya Windows, ikiwezekana ule unaofanyika kabla Windows haijawaka, uitwao «hors ligne». Usiifomati flashi kwa haraka. Virusi vya aina hii kwa kawaida huficha mafaili bila kuyafuta. Ukiamuru Windows ionyeshe mafaili yaliyofichwa, pamoja na yale ya mfumo, kazi yako ya kumaliza masomo inaweza kuonekana ingali nzima.

Kumbuka pia kwamba ukurasa huu hauonyeshi kila kinachojiwasha. Huduma za mfumo na kazi zilizopangiwa saa hazimo. Kwa hizo kuna Autoruns, programu ya bure ya Microsoft, ambayo inaweza kuficha mistari ya Microsoft ili yabaki ya wengine tu.

Katika masomo yetu, neno geni hatulihukumu kwa sauti yake. Tunatazama limetumika wapi na limetoka wapi. Orodha hii nayo isomwe hivyo hivyo.